Makumbi ya Mastura na Kikoi cha Hatibu

Mastura binti Idarusi aliponda kumbi la nazi kwa mapigo matatu. Mimi kumbi kama lile nililiponda kwa mapigo saba, na la nane nililipiga kwa hasira tu. Nalisema hili mwanzo kwa sababu ndilo lililonichoma kwanza, hata kabla mambo ya mume hayajaingia.

Alikuja kwetu Tongoni kutoka upande wa Pangani, ameachika mara mbili, hana mtoto, ana sanduku la bati na rungu la mkwaju. Akapanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku ya pili tu akauliza wanawake wa hapa wanafukia wapi makumbi yao, kwa maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua, na ndiyo iliyokuwa kazi yetu sote. Makumbi ya nazi tulikuwa tukiyafukia matopeni, kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya mikoko. Unachimba shimo, unayapanga, unayafunika tope, unaweka mawe juu, unayaacha miezi minane, au hata mwaka, bahari ije na iondoke juu yake. Yakiiva unayafukua, unayaponda, nyama yake inatoka na maji, unabaki na usumba. Usumba ndio unaosokotwa kamba. Kila mwanamke alikuwa na mashimo yake na kijiti chake chenye kitambaa, na mtu hakuthubutu kugusa shimo la mwenzake. Heri umfunulie chungu kikiwa jikoni.

Mastura kwa kuwa mgeni alipewa mahali ambapo hakuna aliyepataka, juu kabisa ya hori, tope hadi mapajani na mbu wa kubeba mtoto. Tulimpa kwa tabasamu. Basi mwaka haujaisha, lile tope tulilolicheka likamtolea usumba laini, wa manjano, umenyooka kama nywele za mtoto wa Kizungu. Mimi niliyejitwalia mashimo ya chini, mlangoni mwa hori, mahali pa heshima karibu na bahari, usumba wangu ulitoka na mchanga. Kamba yake moja aliinunua Mdigo wa Moa akamfungia fahali kwenye mnazi. Fahali akavuta mpaka mnazi ukang'oka, na ulipokuwa unaanguka kamba ikauzuia, na mpaka leo ule mnazi umelala hewani, watoto wanapita chini yake. Mimi sikuuona. Aliyeniambia aliuona.

Sasa Hatibu. Hatibu ni mume wangu, baba wa mwanangu Shehe, fundi wa kutengeneza madau, mtu wa kofia nyeupe na maneno machache. Watu wa Mtang'ata, huku kwetu, wa nyumba kama yao, utamkuta mtu hana hata pishi ya mchele lakini kofia imefuliwa na kupigwa pasi. Miaka ile madau ya kutengeneza yalipungua. Hatibu akawa anakaa barazani na kuangalia zana zake. Kisha mwaka ule Wazungu walipogawa vikombe vya bati vyenye picha ya Malkia wao, akaniambia amepata kazi ya kumkatia mtu boriti huko juu ya hori. Anatoka baada ya sala ya alfajiri, anarudi kabla ya magharibi.

Nikashukuru Mungu. Nilishukuru wiki moja. Wiki ya pili nikaanza kufikiri, kwa sababu mwanamume aliyekata boriti mikokoni anarudi na matope mpaka masikioni. Huyu wangu alirudi ameoga.

"Baba Shehe, unaogea wapi?"

"Majini."

"Maji gani?"

"Mama Shehe, maji ni maji."

Nikachukua kikoi chake kukifua, nikakinusa. Kilikuwa na harufu ambayo sijawahi kuikuta nyumbani mwangu. Si jasho, si samaki, si sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka madau. Harufu kama ya lami iliyochemshwa ndani ya moshi, kali, tamu kidogo, inapanda puani inakaa huko kama mgeni asiyejua kuaga. Nikakifua mara mbili, harufu ikabaki. Nikakianika, kunguru wakabadili njia.

Mwanamke akiona kitu kama hicho asikurupuke. Nikawa nafua na kunusa, nafua na kunusa, siku baada ya siku, na moyoni nampitisha kila mwanamke wa Tongoni mmoja mmoja, mwenye udi, mwenye karafuu, mwenye asumini, na hakuna hata mmoja aliyenuka vile.

Mpaka alipokuja Msafiri. Huyu Msafiri alikuwa mnunuzi wa kamba, mtu wa Ngamiani mjini, anakuja na baiskeli yake anarudi nayo imefungwa kamba kama kuku aliyefungwa miguu. Siku zote alianzia kwa Mastura. Na mimi siku zote nilikuwa na kazi ya kufanya uani wakati huo, pale penye upenyo wa ua. Siku ile akaishika kamba ya Mastura, akaipeleka puani, akaiweka chini.

"Bi Mastura, hii imelala wapi?"

"Imelala ilipolala zote."

"Inanuka lami. Na rangi yake umeiona? Nyeusi ndani. Watu wangu wanafungia vitanda kwa kamba hizi. Mtu alale kichwa kimuume?"

"Ichukue moja uijaribu, Msafiri. Nimeiosha mara tatu."

"Nisamehe, dada yangu. Mwezi ujao, inshallah."

Akapanda baiskeli akaja kwangu, akanunua za kwangu zote, na mchanga wake. Siwezi kusema uongo, nilifurahi. Siku ile nilikula wali mkavu bila kutambua kwamba nimesahau mchuzi. Kisha nikavaa uso wa huruma nikaenda kumpa pole Mastura. Nikaiokota ile kamba iliyokataliwa, nikasema, "Hebu nami ninuse, shoga, pengine ana mafua tu," nikaipeleka puani.

Ilikuwa harufu ya kikoi cha mume wangu.

Nilitoka pale nikatembea mpaka kwangu, na kama kuna mtu alinisalimu njiani basi namwomba radhi, sikumsikia. Juu ya hori ndiko kwenye mashimo ya Mastura. Juu ya hori ndiko Hatibu anakosema anakata boriti. Anarudi ameoga. Mimi sikwenda shule lakini kuunganisha naweza.

Nikaamua kumsuta. Mtu wa pwani anajua kusutwa ni nini: wanawake wanakusanyika, wanavaa kanga za sare, wanakwenda na debe lao mpaka mlangoni kwa mtu, wanamweleza makosa yake kwa nyimbo na vigelegele mtaa mzima ukisikia. Aliyesutwa kwa haki hana budi kuhama. Na hicho ndicho nilichokitaka, Mastura afunge sanduku lake la bati arudi Pangani, na mume wangu abaki wangu peke yangu. Nikawazungukia wanawake, tukawa kumi na mmoja. Debe akalishika Bi Mboni, mzee wa miaka sabini au mia, mwenyewe alibadilisha kila mwaka. Hata Ruthi, Mbondei aliyekuwa akiuza chaza, mwanamke wa kanisani asiyependa ngoma, alikuja. Alisema anakuja kutazama.

Tukafika asubuhi, jua limepanda kidogo, maji yanaanza kupwa. Mastura akatoka na unga mikononi. Nilikuwa nimeshika kikoi cha Hatibu mkono wa kulia, na mkono wa kushoto fumba la usumba nililolichukua shimoni kwake bila ruhusa, Mungu anisamehe.

"Mastura," nikasema, "nani kakuambia Hatibu ni makumbi, ukamfukia matopeni?"

Vigelegele. Mastura akatazama kikoi, kisha akatazama usumba.

"Mnaomjua mume wangu, nuseni hapa. Mnaomjua Mastura, nuseni hapa. Bi Mboni, wewe mkubwa wetu, anza wewe."

Bi Mboni akaweka debe chini. Akanusa kikoi kwa muda mrefu, macho amefumba. Akanusa usumba. "Harufu ni moja," akasema. Vigelegele tena, na mimi nikajiona nimekua, kichwa kinagusa makuti ya paa. Halafu yule mzee akaleta viganja vyake puani, akavinusa. Akanusa na pindo la kanga yake.

"Lakini hata mimi ninayo," akasema.

"Una nini, Bi Mboni?"

"Harufu. Nimefukua shimo langu leo alfajiri. Basi na mimi nimelala na mumeo, na wala hakuna aliyeniambia. Kwa umri wangu huu mtu angenijulisha nikajipaka hata udi."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Ruthi akasogea, akanusa kile kikoi kwa woga, kama kitamuuma.

"Mama Shehe," akasema, "chaza wangu tangu mwezi juzi wananuka hivi hivi. Wateja wa Muheza wamenirudishia kapu zima. Na hao nao?"

"Na hao nini?"

"Nao wametembea na baba Shehe?"

Nikamwambia chaza hawatembei. Akasema ndiyo maana anauliza.

"Na mashimo yako wewe?" Bi Mboni akaniuliza.

"Yangu hayanuki," nikasema, tena kwa fahari.

Ndipo Mastura alipofungua mdomo, mara ya kwanza tangu tufike. Akafuta unga kwenye kanga yake akasema, "Maji yanapwa. Twendeni tukanuse kutoka kwa asiyenuka mpaka kwa anayenuka. Mkifika mwisho mkanikuta mimi, nitahama leo leo."

Tukaenda. Watu kumi na wawili, debe moja. Tukaanza mlangoni mwa hori, kwangu. Nikafukua kumbi, likanuka yai viza, harufu njema ya kumbi linaloiva kama inavyopaswa. Tukapanda kidogo mpaka kwenye mizizi ya mikoko anapobandua chaza Ruthi. Akapasua mmoja, tukanusa: ipo, kwa mbali. Samaki aliyekwama kidimbwini pale pale hakuwa nayo, kumbe samaki anapita na chaza anakaa, anakunywa kila maji yanayomjia. Tukapanda mpaka kwa Bi Mboni. Pale ilikuwa wazi, na juu ya vidimbwi palikuwa na utando unaong'aa rangi rangi kama shingo ya njiwa.

Mimi bado sikukubali. Nikasema hayo ni mafuta ya ile mashua ya injini inayopita. Ruthi akasema mafuta ya mashua anayajua, yananuka taa ya chemli, na yanaondoka na maji siku hiyo hiyo. Mwingine akasema labda ni tanuu la chokaa la upande wa pili, masizi yake yanaangukia majini. Tukatazama, masizi yalikuwapo kweli, vumbi jeusi limeelea pembeni, kavu, halina harufu. Mastura yeye hakubishana. Aliinama akachimba tope kwa vidole. Juu lilikuwa la kijivu kama siku zote. Vidole viwili chini lilikuwa jeusi linateleza, na harufu ikatupiga sote usoni.

"Juu bahari inaosha," akasema. "Chini ndiko yanakolala."

Nikajiuliza kayajulia wapi hayo, lakini nikafuata.

Kwenye mashimo yake mwenyewe hatukuhitaji kuinama. Ukilikamua kumbi lilitoa mafuta kama andazi. Na mimi nikapaza sauti: "Haya, tumefika kwa mwenyewe." Bi Mboni akainua pua, akasema bado, inatoka mbele zaidi. Mbele ya Mastura hapakuwa na mwanamke. Tukapenya mikoko, mizizi yake imepakwa weusi mpaka pale maji makubwa ya bamvua yanapofikia, kama mtu aliyechora mstari kwa brashi. Nilimwona kaa akitembea mbele moja kwa moja kama askari. Maskini alikuwa amelewa.

Tukatokea uwanjani. Kulikuwa na Mzungu mmoja tuliyekuwa tukimwita Bwana Miwani, amefungua hapo uwanja wa nguzo za simu, na sisi wa kijijini hatukuwa na haja ya kufika huko. Palikuwa na tangi la chuma refu kama jahazi, moto chini yake, ndani yake mafuta meusi yanatokota. Nguzo zinatumbukizwa humo ili zisiliwe na mchwa, zinatolewa, zinalazwa mteremkoni zichuruzike. Zinachuruzika kwenye mfereji, na mfereji unakwenda horini. Mvua ikinyesha uwanja mzima unaosheka pamoja nao.

Wanaume waliofanya kazi pale walikuwa manamba, watu wa bara waliotoka kwenye mashamba ya mkonge, wamejifunga magunia. Mmoja wao alikuwa kichwa wazi, mweusi mpaka nyusi, ameshika nguzo kwa kulabu ya chuma pamoja na mwenzake. Akageuka akatuona. Alikuwa Hatibu.

Yule mwenzake, jina lake Tadeo, akatazama wanawake kumi na wawili na debe, akasema, "Mzee Hatibu, wageni wako hawa?"

"Siwafahamu," akasema mume wangu niliyeishi naye miaka kumi na minne.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Fundi wa madau, mtoto wa watu, anachovya nguzo kwa kipande, kadi ya kibarua, pamoja na manamba, na angekufa kabla ya kuliambia baraza lake. Boriti ni kazi ya muungwana, nguzo si kazi ya muungwana, ijapokuwa yote ni miti. Nilimwonea huruma. Na nilifurahi, nikasema moyoni kumbe hana mwanamke, ana tangi. Furaha ile ilidumu muda wa kupiga chafya moja.

Kwa maana niliwatazama wenzangu, wote wamepigwa na butwaa, vinywa wazi. Mastura hakuwa amepigwa na butwaa. Alikuwa akitazama chini, kama mtu aliyeingia chumba anachokijua.

Tuliporudi nikaona kile ambacho wakati wa kwenda sikukiona. Hatua ishirini juu ya mashimo yake palikuwa na kijichemchemi cha maji baridi, na kwenye mkoko pameninginizwa kata ya kifuu, kipande cha sabuni, na kofia nyeupe ndani ya mfuko.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wake wa kwanza wa kazi. Anaogea hapa. Aliniomba nisiseme, hasa kwako."

"Na leo mlangoni, mbele ya watu wote, mbona hukusema?"

"Si nimekwambia aliniomba?"

Ningewakuta wamekumbatiana ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningevunja kitu. Lakini miezi mitatu mwanamke yule alikuwa na siri ya mume wangu, ameitunza vizuri kuliko nguo ya sikukuu, na mimi niliyemfulia sikuwa na chochote ila harufu. Wivu wangu wa kwanza ulikuwa mtoto. Huu wa pili ulizaliwa na meno.

Jambo halikuishia hapo. Anayesuta bila haki anajisuta mwenyewe, na wazee wakakaa wakaamua nimwombe Mastura radhi na nimpe atakachotaka. Atakachotaka chochote. Tulikaa barazani kwa Bi Mboni, Hatibu pembeni kofia yake imerudi kichwani. Sheria inaruhusu wanne. Mwanamke hana mume, ameharibikiwa na mashimo yake, ameaibishwa na mimi, na mume wangu anamtazama kwa shukrani. Nilijua atasema nini. Nilishaanza hata kuhesabu siku, mbili kwake, mbili kwangu.

"Sema, Bi Mastura," Bi Mboni akasema. "Sema bila haya."

"Nataka nusu ya mahali pake pale mlangoni mwa hori," akasema Mastura. "Ndipo pekee panapooshwa na bahari vizuri."

"Basi?" nikauliza.

"Basi."

"Huna jingine?"

"Niwe na jingine gani, mama Shehe?"

Nilimpa. Na nilirudi nyumbani nimenusurika na nimetukanwa kwa wakati mmoja, kwa sababu ukitazama vizuri, mwanamke yule aliweza kuchagua, na amechagua shimo langu la mchanga akamwacha mume wangu. Nilimtazama Hatibu njia nzima nikitafuta kasoro.

Bwana Miwani walimwendea wanaume. Akasema bahari ni kubwa. Baadaye akachimbisha shimo la kukusanyia yale mafuta, na kila masika likafurika likamwagika kule kule, maana maji hayajui nani kachimba. Mashimo ya juu yakaachwa. Ruthi akahamia chaza wa nje, wa miambani. Hatibu aliendelea kuchovya nguzo miaka miwili, sasa waziwazi, na Tadeo akawa anakuja kula kwetu sikukuu. Mimi na Mastura tuliponda pamoja miaka kumi na minane, hatua tatu baina yetu, na usumba wake ulikuwa laini hata kwenye mchanga wangu. Nilimzika mimi. Nilimwosha kwa mikono yangu, na nilimlilia, na nilimwonea wivu jinsi alivyotulia.

Lakini ile Jumapili ya kwanza baada ya uamuzi wa wazee, siku ambayo uwanja haufanyi kazi, nilimketisha Hatibu nikamwambia anieleze yote aliyozungumza na Mastura, siku moja moja, miezi mitatu. Nilichukua uzi wa usumba nikawa napiga fundo kwa kila siku.

"Siku ya kwanza nilimwambia asiteke maji hapa."

Fundo.

"Siku ya pili akaniuliza yanamfikiaje. Nikamwambia maji yakijaa yanayasukuma juu, yakipwa yanayateremsha, na kila yanapopita yanaacha kidogo matopeni."

Fundo. "Ya tatu?"

"Akaniuliza mbona wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, harufu inazidi. Nikamwambia kwa sababu bahari haifiki kuosha."

Yote yalikuwa hivyo. Mafuta, tope, bamvua, mvua. Nikamuuliza, "Miezi mitatu, mwanamume na mwanamke, mnazungumza mafuta?" Akasema, "Na maji." Alikuwa na kumbukumbu nzuri, akaenda mpaka mwisho, na uzi ukajaa mafundo kama mgongo wa mamba. Ikabaki siku moja tu. Alhamisi moja ya mwezi wa pili wa kazi ile.

"Alhamisi hiyo mlisema nini?"

"Sikumbuki."

"Kulinyesha. Mimi nakumbuka, nilianua nguo. Mlisimama wapi?"

"Chini ya mkoko."

"Mkoko mmoja, au kila mtu wake?"

Akaomba maji ya kunywa. Sasa ni mzee, macho yamefifia, wajukuu wanamshika mkono kwenda msikitini, na kila ikinyesha siku ya Alhamisi namuuliza tena, naye anaomba maji.